Sigara Zinazojizima

Tabora, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Zephania,

Marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia. Huku tunaendelea. Baba anakohoa asubuhi kama kawaida yake, mchana anakula vizuri. Mvua imenyesha mpaka ukuta wa jikoni umeota ukungu, na kideri kimeua kuku wangu watatu. Binti wa shangazi amejifungua mtoto wa kiume na wamempa jina lako, kwa hiyo jiandae kuombwa nguo.

Utashangaa kupata barua wakati tumeongea kwenye simu Jumapili. Tatizo ni simu yenyewe. Baba hataki kusikia mazungumzo yasiyowekwa kwenye spika, na haya siwezi kuyasema akiwa amekaa hapo ananitolea macho. Barua nimempa Mwanamkasi, yule mama wa mtaa wa nyuma anayekuja huko kununua mashuka na mapazia. Amesema anapajua unapokaa.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikapokewa na harufu. Baba alilala mchana na sigara mkononi, ikaangukia godoro. Godoro la sponji haliwaki kwa fujo, linaliwa taratibu, na lilikuwa limeshaliwa karibu na kiuno chake naye bado anakoroma. Nilimmwagia ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Akaamka, akaniuliza kwa nini namlowesha. Hii ni mara ya tatu, Zefa.

Severin unamfahamu kwa jina tu. Ni mwalimu huko Mpanda, alifiwa na mkewe, na huu ni mwaka wa pili ananisubiri. Mimi nina miaka arobaini na mbili. Ameniambia, bila kunisukuma, kwamba anataka jibu mwaka huu. Nataka kwenda. Naandika hivyo kwa sababu sijawahi kulisema kwa mdomo. Lakini siwezi kumwacha peke yake mtu anayejichoma, na Baba Tabora hahami, alishasema atatoka hapa kwa jeneza. Habari za kuacha kuvuta usinitajie. Daktari amesema, mchungaji amesema, Mama alisema miaka thelathini mpaka akafa.

Siku moja ulitaja kwamba huko kuna sigara zinazojizima mtu akiziacha. Kama ni kweli, nitafutie. Kama ulikuwa unatania, niambie pia nijue moja.

Ni mimi dada yako, niliyechoka lakini mzima,
Damaris


Naif, Dubai, 24 Machi 2024

Dada Damaris, shikamoo.

Barua yako imekaa kwenye mkoba wa Mwanamkasi wiki tano kwa sababu safari yake iliahirishwa. Mimi sijambo. Bado nalinda getini kwenye ile nyumba ya Al Warqa. Naamka, napanda metro mpaka Rashidiya, basi la kampuni linatuchukua, nasimama kwa saa kumi na mbili, narudi. Madam si mtu mbaya. Chumbani tuko saba, na kitanda cha juu yangu analala Mganda anaitwa Sowedi, yeye ni mlinzi kwenye maghala. Ni mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo mchana Sowedi hali wala havuti, na ikifika magharibi anaanza na tende moja na sigara tatu.

Sikuwa natania. Nimemuuliza Raed, mwenye duka la jumla hapa chini ambaye huwauzia wafanyabiashara wa kwetu. Anasema nchi za Ulaya zina sheria. Karatasi ya sigara lazima iwe na sehemu nzito zinazoizunguka kama pete. Moto ukifika kwenye pete na hakuna anayevuta, unakosa hewa, unakufa. Hizi za kawaida anazowauzia watu wetu hazina pete. Nilipomuuliza kwa nini, akasema wanaonunua hawajawahi kumuulizia. Za Ulaya anazo chache, pakiti zina maandishi ya Kijerumani na picha ya mapafu yaliyooza, huwezi kuzikosea. Akaniapia kwamba nyingi hujizima, ila moja moja inaweza kupitiliza, kwa hiyo jicho lisitoke kabisa.

Nilimpa Sowedi moja aijaribu. Yeye ana hasira nazo. Alisema, "Hii sigara ni mvivu. Unavuta mbili, tatu, unaongea kidogo na mtu, khalas, imelala. Hii sheria walitungia watu wanalala, sasa inatufunga sisi tuko macho." Wenzake kazini wanasema zina ladha ya bati na zinaumiza kichwa. Sijui. Mimi sivuti.

Nakutumia katoni moja. Mpe Baba pole pole, usimwambie ni sheria. Unamjua Baba na sheria.

Nimefurahi kuhusu Severin. Nenda, dada. Umekaa vya kutosha.

Mdogo wako getini,
Zephania


Tabora, 5 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mvua zimekatika, na mtoto mwenye jina lako ana mashavu kama andazi. Katoni imefika na suruali za Baba pia. Zinampwaya.

Nilizijaribu kwanza. Niliwasha moja nikaiweka kwenye sahani ya bati juu ya kitambaa kikavu, nikakaa kitako kuiangalia kama anayesubiri maziwa yachemke. Ilikwenda kidogo, ikafifia, ikazimika. Nikawasha ya pili, hivyo hivyo. Zefa, nililia. Kwa ajili ya sigara iliyozimika kwenye sahani, mtu mzima mimi.

Baba amezipokea kama mtu aliyepewa uji siku ya harusi. Kila moja anaiwasha mara nne, na kiberiti hakifiki siku ya tatu. Alisema, "Nimevuta miaka hamsini na mbili, leo sigara ndiyo inanifundisha kuvuta." Wastaafu wenzake wa reli huja jioni kukaa barazani, nao kila mmoja akaomba moja aonje, na kikao kikawa hicho. Mmoja alisema zimetiwa dawa. Mwingine alisema Wazungu wameishiwa watu wa kutawala, sasa wanatawala midomo. Siri ya sheria ilitoka hapo hapo, maana mmoja wao ana mtoto Ubelgiji. Baba akaniangalia, akasukuma pakiti pembeni. Lakini anazivuta, kwa kuwa ndizo zilizopo. Za dukani nimewaomba wenye maduka wote wa mtaa wasimuuzie, na kwa miguu yake ile hafiki mbali.

Majuzi nimekuta kipisi kimezimika kifuani mwake, kwenye shati, amelala. Shati halina hata doa.

Nimemjibu Severin ndiyo. Ndoa ni Novemba. Jirani yetu Mama Precious amekubali kumletea Baba chakula mara tatu kwa siku na kumfulia. Nitumie katoni mbili, zifike kabla hizi hazijaisha.

Ni dada yako, bibi harusi mzee,
Damaris


Naif, 2 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Barua hii itakuwa fupi, joto limetumaliza. Kiyoyozi cha kibanda changu kimeharibika, madam ameagiza fundi, fundi anasema kesho kila siku. Sowedi anakusalimu.

Mwanamkasi anakuletea katoni mbili. Ni zile zile. Huna haja ya kupoteza moja kwa kuijaribu.

Msalimie Baba. Msalimie sana.

Zephania


Tabora, 25 Agosti 2024

Zephania,

Habari za huko. Huku si nzuri sana.

Jumatano tarehe 14, mchana, Baba alipata ajali ya moto kitandani. Mguu wa kulia umeungua kutoka juu ya goti mpaka kwenye kifundo, na mkono kidogo. Alilazwa siku tisa, juzi tumerudi naye nyumbani. Mama Precious ndiye aliyeona moshi. Nilikwambia kwenye simu kwamba alimwagikiwa na chai kwa sababu yeye mwenyewe alinisisitiza niseme hivyo, na alikuwa hapo anasikiliza.

Chumba kimebaki kuta. Picha ya Mama imeungua.

Severin nimemwambia haiwezekani. Amekubali, ni mtu mwelewa, na uelewa wake ndio ulioniumiza zaidi.

Usitume sigara tena. Baba mwenyewe hajaziulizia.

Damaris


Naif, 30 Septemba 2024

Dada yangu, shikamoo, na pole sana.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Huku joto limepungua kidogo, na kiyoyozi kimetengenezwa sasa ambapo hakihitajiki sana. Madam amesafiri na watoto. Sowedi amepata malaria ya kwao akiwa huku huku, daktari alishangaa.

Nimemuuliza Raed. Anasema kama alivyosema mwanzo, si zote hujizima. Sheria yenyewe ya huko Ulaya inajua hilo. Pengine hiyo ilikuwa mojawapo.

Baba analala vizuri? Anakula? Mguu unanuka? Wewe unakula? Uliponiandikia kwamba ni Mama Precious aliyeona moshi, nilitaka kuuliza jambo, halafu nimeona si la kuuliza.

Kuhusu Severin, usikimbilie kukata kamba. Novemba bado.

Nawaombea.
Zephania


Tabora, 3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Uliza. Ulitaka kuuliza nilikuwa wapi.

Nilikuwa Mpanda. Nilipanda treni Jumatatu, Baba nikamwambia naenda semina ya kazini Urambo. Mama yake Severin alitaka kuniona kabla ya ndoa, na mimi nilitaka kuiona nyumba. Ina vyumba vitatu na mti wa mpera nyuma. Nilipika ugali kwenye jiko lile kwa siku mbili, mama mkwe akanisifu, nikacheka sana. Simu ya Mama Precious ilinikuta nachagua mahali pa kuweka kabati langu.

Hili sijamwambia mtu. Hospitali waliandika kwamba nilikuwa kazini. Shangazi akijua nilimwacha Baba anaungua nikaenda kwa mwanamume, hatanisemesha mpaka kaburini, na sitamlaumu. Katoni zile mbili zilipofika sikuziwasha hata moja kwenye sahani. Ulisema ni zile zile, na mimi nilikuwa na haraka ya kuamini. Ningejaribu tu mbili tatu. Ningebaki tu nyumbani.

Kila asubuhi namwosha mguu kwa maji ya chumvi yaliyopoa. Ngozi inashika polepole, goti halikunjiki. Kila siku namwambia Baba nisamehe, naye ananishika kichwa anasema yamepita. Ananishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Sistahili.

Kwa hiyo usiniandikie tena kuhusu Severin. Kosa ni langu, na mahali pangu ni hapa. Si adhabu mbaya, nimeizoea nyumba.

Wewe angalau ulifanya uliloweza ukiwa mbali. Nakushukuru.

Dada yako,
Damaris


Naif, 12 Desemba 2024

Dada,

Sikuamkii. Ukimaliza kusoma utaona kwa nini.

Mwezi wa sita, siku ya kazi, saa nne asubuhi, nilipigiwa simu na namba ya Tabora nisiyoijua. Alikuwa Baba. Alikuwa ameazima simu kwa fundi baiskeli. Miaka sita niko huku, dada, Baba hajawahi kunipigia. Huwa unapiga wewe, yeye anasema "ehe" na "haya" kwenye spika. Siku hiyo aliongea. Aliniuliza kazi yangu ikoje, nikichoka nafanyaje, kama nina rafiki. Alicheka niliposimulia habari za Sowedi. Nilikuwa nimesimama getini juani na sikutaka simu ile ikatike. Halafu akasema, "Mwanangu, dada yako ananivutisha majivu. Nitumie sigara ya mtu mzima. Tia kwenye pakiti zile zile, asijue."

Nilisema sawa kabla hajamaliza.

Nilinunua kwa Raed katoni mbili za Kijerumani na mbili za kawaida. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikaa na Sowedi kwenye paa la jengo tukafungua pakiti zote, tukahamisha sigara moja moja, mia nne, tukarudishia vifuniko na kugundisha karatasi ya nailoni kwa gundi ya viatu. Zile zenye pete Sowedi alizichukua ziwe ujira wake, pamoja na kuzilaani. Tulipofika katikati aliniuliza, "Wewe unajua huyu mzee analala na moto?" Nikamwambia ni baba yangu. Akasema, "Ndiyo maana nakuuliza." Nikaendelea kupanga.

Kwa hiyo hukukosea kuziamini pakiti. Na maneno ya Raed niliyokuandikia Septemba nilijificha nyuma yake. Hakukuwa na sigara iliyopitiliza. Zote zilikuwa za kuwaka.

Sikujua ulikuwa unapanga kwenda Mpanda mwezi ule. Lakini nilijua unaondoka Novemba, na bado nilituma. Nilijiambia Baba atakuwa mwangalifu, wewe upo, Mama Precious yupo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nimekuwa mbali na mzigo huu muda mrefu mpaka nikausahau uzito wake. Nilitaka Baba anipende. Nina miaka thelathini na sita na hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine bora.

Likizo yangu nimeiahirisha mara mbili. Nilisema ni madam, nilisema ni kampuni. Hakuna aliyenikatalia. Niliogopa kuja kuuona mguu.

Mwambie shangazi, mwambie Severin, mwambie yeyote. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Zephania


Tabora, 19 Januari 2025

Zephania,

Barua yako imenifikia Jumanne. Nilikaa nayo siku mbili chini ya mto. Nimekukasirikia mpaka meno yanauma, na nakupenda, na vyote viwili vinanichosha.

Alhamisi asubuhi, nilipomaliza kumfunga Baba kidonda, nilimsomea yote. Sikuruka hata sehemu ya yeye kucheka kwenye simu. Alisikiliza akitazama dirishani. Nilipofika kwenye mia nne alifumba macho, nikadhani analala. Nikamuuliza, "Baba, miezi mitano nakuosha nikikuomba msamaha. Ulijua. Kwa nini hukuniambia?"

Alifumbua macho. Halafu akasema, "Ningekuambia, ungeniacha."

Nikamwambia, "Ndiyo."

Hatukugombana. Nilichukua beseni nikamwaga maji uani, nikarudi nikampa chai yake. Nilimshikia kikombe mpaka akamaliza. Nilimhurumia, Zefa. Lakini huruma hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa miaka kumi na tatu, na siku hiyo niliitazama nikaona haitoshi kunikalisha wa kumi na nne. Nilimpigia Severin hapo hapo, Baba akisikia. Amesema nyumba bado ipo, ila hatauliza mara ya tatu. Nikamwambia hahitaji.

Naondoka Jumamosi tarehe mosi Machi. Shangazi nimemwambia mwenyewe, ya kwangu na ya kwako, na amekasirika na wote wawili kwa usawa, jambo lililonipa nafuu.

Kidonda kinaoshwa kila asubuhi kabla ya chai. Maji yachemke, yatiwe chumvi, yapoe. Ukigusa karibu na goti ataguna na kukusukuma mkono, usiache, malizia. Jioni anyooshwe mguu mara ishirini, ukihesabu kwa sauti, la sivyo anakuibia. Dawa ziko juu ya kabati la jikoni. Sigara havuti tena, hilo amelichagua mwenyewe, ila akianza tena shauri litakuwa lenu wawili. Mama Precious atamwosha kwa wiki mbili kutoka siku nitakayoondoka. Baada ya hapo anaenda kwao Nzega kulima, na nimemwambia asiahirishe.

Usinitumie maelezo na usimtumie Baba kitu chochote kwa Mwanamkasi. Omba likizo yako upande ndege.

Mimi sitarudi kuangalia kama umefika.

Damaris